Mchana Alioutoa Fundi

Gauni lilikuwa la mwalimu mkuu, mwanamke mrefu mwenye mabega ya kubebea magunia, na alipotoka nyuma ya pazia la kujaribia nguo alikuwa amelivaa nusu tu. Mikono iliishia juu ya viwiko. Kifuani lilimkaba, na mgongoni, chini kidogo ya shingo, kitambaa kilikuwa kimeachiwa nafasi ya duara ambayo yeye hakuwa na cha kuijaza.

"Fundi," alisema akijigeuza mbele ya kioo, "hili umemshonea nani?"

Fundi alicheka. Mwalimu mkuu naye akacheka, maana mtaa mzima ulijua kwamba mama huyu hakosei. Tangu ujana wake hakuwahi kuandika kipimo cha mtu. Alipitisha futi mara moja, akatikisa kichwa, basi. Ukirudi baada ya miaka mitano anakuambia kiuno chako kilikuwa ishirini na tisa, na kwamba anaona siku hizi mambo yako si mabaya. Kwa utani walimwita Fundi Daftari, kwa sababu hakuwa nalo. Alikuwa na miaka sitini na tisa, na jina hilo alilipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Mteja alipoondoka, Fundi alifunga mlango wa mbele akazishusha nguo nyingine mbili zilizokuwa tayari: koti la dereva wa benki na sare ya muuguzi. Alizitandaza mezani juu ya gauni, akapapasa mishono kwa vidole. Zililingana zote tatu. Mabega membamba, bega la kulia limeshuka kuliko la kushoto, mgongo wenye kibyongo. Nguo za watu watatu alikuwa amezikata kwa mwili mmoja, mwili wa mtu mdogo, mzee, na hakuwa na mteja wa namna hiyo. Alizikunja haraka haraka akazisukumia chini ya meza.

Hakumwambia mtu. Miezi kadhaa sasa alikuwa akificha vitu vidogo vidogo: chumvi aliyotia mara mbili, jina la ndugu lililokataa kuja ulimini, siku aliyosimama jikoni na mkasi mkononi bila kujua alifuata nini. Mambo hayo humpata kila mwenye mvi, angesema jirani. Lakini Fundi alikuwa na hofu yake mahususi. Mama yake mzazi alianza hivyo hivyo, na mwishoni alikuwa akitoka nje bila viatu kuulizia nyumba iliyobomolewa zamani. Fundi alimuuguza humu humu ndani, mpaka mchana mmoja alipolala asiamke. Ndivyo alivyosimulia kila alipoulizwa. Alilala. Hakuamka. Baada ya maneno hayo hapakuwa na kitu, ukuta mtupu, na hakuwahi kujiuliza kwa nini yeye anayekumbuka kiuno cha kila mwanamke wa mtaa hakumbuki mama yake alivaa nini siku ile.

Aliishi na binti yake wa pekee, mkutubi wa shule, mwenye miaka thelathini na minane, mtu wa maneno machache na usingizi mchache. Binti huyo alikuwa na tabia moja ambayo Fundi hakuchoka kuitania: hafungi milango. Chumbani, jikoni, hata msalani, aliuachia mlango wazi kiasi cha kupitisha mkono.

"Mwanangu, wewe ulizaliwa sokoni?" Fundi alikuwa akimwambia, naye alitabasamu tu.

Ni yeye aliyezikuta zile nguo chini ya meza. Alizitazama kwa muda mrefu, hasa ile nafasi ya mgongoni, akazirudisha zilipokuwa. Wiki ile ile alimpeleka mama yake kwa daktari.

Daktari alikuwa kijana wa sauti ya taratibu. Alimpa Fundi maneno matano ayashike, akamwuliza habari za miguu, za macho, za usingizi, kisha akamtaka ayarudishe.

"Kisu, mto, barua, kofia, jirani," alisema Fundi. "Na wewe shingo yako ni kumi na tano na nusu, aliyekuuzia hilo shati la kumi na sita amekuonea."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Kisha aliiweka picha ya ubongo kwenye mwanga. "Mama, kuna sehemu hapa imesinyaa kidogo. Kwa umri wako si ajabu. Majibu yako ni mazuri kabisa. Lakini unahisi kuna kitu kinapungua, na hilo silidharau. Mwenye kichwa anaweza kuona jambo kabla mashine haijaliona."

"Nahisi kinaliwa," alisema Fundi, polepole. "Kupungua ni kitu kingine."

Daktari aliandika. "Katika familia kuna mwingine aliyewahi kusahau hivi?"

"Mama yangu."

"Alifariki vipi?"

"Alilala. Hakuamka."

Binti, aliyekaa karibu na mlango, aliinamisha uso akaanza kupekua mkoba wake. Hakuwa akitafuta kitu.

Mtaa ule ulinyamaza saa nane mchana, wenye kazi wakiwa kazini na wenye vitanda wakiwa vitandani, na ilikuwa saa hiyo, siku mbili baadaye, Fundi akiwa peke yake kwenye cherehani, aliposikia harufu. Ilikuwa ya mkaa. Alinyanyua pua. Pasi yake ilikuwa ya umeme, nayo ilikuwa baridi mezani, na mkaa haukuwa umeingia nyumba ile kwa miaka mingi. Harufu ilikuja kwa upole kutoka nyuma, kwenye chumba kidogo walichokifanya stoo ya majora ya vitambaa, harufu ya moto uliofungiwa mahali, na pamoja nayo ukaja mlio wa vidole vikigonga ubao wa mlango, mara tatu, taratibu, kama vya mtu asiyetaka kusumbua.

Fundi alijikaza. Alijiambia ni panya, akajiambia ni bomba, na wakati akijiambia hivyo aliona miguu yake ikikanyaga. Mlango uligongwa tena, na miguu ikaongeza mwendo, cherehani ikanguruma bila kitambaa, sindano ikipanda na kushuka kwenye chuma kitupu, na kadiri mgongaji alivyozidisha kugonga ndivyo miguu ilivyozidi kukanyaga, wala haikumsikia alipoiamuru isimame, ikawa kama miguu ya mtu mwingine aliyeifahamu kazi hii zamani na aliyejua vizuri kabisa kwamba cherehani ikienda kwa kasi kiasi hiki hutasikia kinachosemwa upande wa pili wa mlango. Sindano ilivunjika. Kimya kilirudi, na ndani ya kimya hicho kitu kilivuta pumzi mara moja, pumzi ndefu, kisha hakikuvuta nyingine.

Alisimama akaenda kuufungua mlango wa stoo. Majora yalikuwa mahali pake. Ukutani, usawa wa kifua cha mtu mfupi, palikuwa na joto.

Jioni ile mlango wa mbele ulifunguliwa, akaingia mwanamke mwenye mkoba, uso wa upole, macho yenye uchovu. Alivua viatu kana kwamba ni kwake.

"Karibu, dada," alisema Fundi kwa heshima ya dukani. "Umekuja kupima au kuchukua?"

Yule mwanamke alisimama kiatu kimoja mkononi. "Ni mimi, Mama," alisema. "Mimi mwanao."

Uso ule ulimrudia, ndiyo, baada ya muda wa kuhesabu mpaka kumi. Lakini Fundi hakujisamehe ule muda. Kipimo cha mteja kikipotea, kitapimwa upya. Mtoto aliyemzaa peke yake, akamlea peke yake, akipotea kichwani mwake, atampima kwa futi gani? Kesho yake asubuhi, bila kuaga, alijifunga mtandio akatoka kwenda kwa mganga.

Hakujua anakoenda. Hakuwahi kufika kwa mganga yeyote, angekuapia. Miguu ilikata kushoto kwenye kiwanda cha sabuni, ikapita uchochoro wa mafundi baiskeli, ikasimama mbele ya mlango wa kijani. Ndani alikaa mwanamke mnene, mzee kuliko yeye, akimenya vitunguu saumu na kunung'unikia kisu.

"Miaka thelathini na moja," alisema mganga bila kunyanyua uso. "Nilidhani utakuja mapema zaidi. Kaa."

"Shikamoo. Mimi hunijui, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye usiyejijua. Mimi nakujua. Ulikuja hapa ukilia, ukaniambia kuna mchana mmoja hutaki kuishi nao. Nilikukataza. Ukapiga magoti. Nilikuwa mjinga na nilipenda kuonyesha ninachoweza, nikamwita mmoja akuchukulie."

"Nani?"

"Jini. Nani mwingine anakula vitu kama hivyo?" Aliweka kisu chini. "Hakukuibia. Ulimpa kwa mdomo wako, ulisema kichukue, akakichukua. Amekaa kimya miaka yote akikila polepole. Sasa kimeisha utamu, anahamia kwenye vingine."

Fundi aliukaza mtandio. "Mtoe, basi."

"Anatoka ukisema nirudishie. Lakini atarudisha alichopewa, kizima. Huwezi kuchagua nusu."

"Kuna nini kwenye mchana huo?"

"Hukunieleza. Nilisikia ulivyolia, ikanitosha." Mganga alimtazama mara ya kwanza. "Na jambo moja ulishike. Akitoka kwako hana pa kukaa. Neno lile la kumpa, usilitamke mbele ya mtu mwenye mzigo. Amekua yule. Akipata mwingine hataanza na makombo."

Fundi alirudi nyumbani akiwa na mawazo mawili yaliyomvuta huku na huku. Mtu hapigi magoti kuomba kusahau jambo dogo. Angeweza kuacha, akaendelea kuwa mtu mwema ambaye kila siku anapungua kidogo. Lakini alikumbuka kile kiatu mkononi mwa binti yake, na siku ya Alhamisi, saa nane kasoro, binti akiwa shuleni, alimfungulia mganga mlango.

Mganga aliomba kiti, akakiweka katikati ya stoo. Akaomba nguo. Fundi alileta lile gauni la mwalimu mkuu, na mganga akalitandaza kwenye kiti, mikono kwenye mikono ya kiti, pindo likigusa sakafu, kisha akarudi nyuma, akamwambia Fundi kwa kunong'ona, "Usikimbie."

Harufu ya mkaa ilikuja kwanza. Halafu bega la kulia la gauni likashuka. Kitambaa cha kifuani kikatuna kidogo kikatulia, kikatuna tena, na ile nafasi ya duara mgongoni, ambayo Fundi alikuwa ameikata kwa mkono wake bila kujua anamkatia nani, ikajaa polepole mpaka mishono ikakaza, na juu ya kola, pale ambapo palipaswa kuwa na uso, hewa ilitetemeka kama inavyotetemeka juu ya jiko, na kutoka humo ikatoka sauti, nayo haikuwa sauti ya mzee wala ya mnyama, ilikuwa sauti yake mwenyewe Fundi, ya zamani, alipokuwa na miaka thelathini na minane.

"Nimekutunzia vizuri," ilisema. "Ulilala usingizi mzuri, hukulala?"

Mganga alimfinya mkono. "Sema."

"Nirudishie," alisema Fundi.

Kikarudi. Kilirudi na mvua, maana siku ile ilinyesha, na kwa sababu ya mvua alikuwa ameliingiza jiko la mkaa wa pasi kutoka uani na kuliweka kwenye chumba kidogo cha nyuma, ambamo dirisha lilikuwa limepigiliwa misumari kwa kuwa mama yake alikuwa akipandia humo kutoroka. Na mbele kulikuwa na magauni sita meupe ya harusi yanayotakiwa saa kumi, na mama yake alikuwa akija kila dakika kuyashika kwa mikono michafu akiuliza nani anaolewa, nani anaolewa, mpaka Fundi akashikwa na hasira, akamsukuma ndani ya chumba kile na kuusukuma mlango. Na mlango ukaanza kugongwa, taratibu, mara tatu, na sauti ikasema nifungulie mwanangu, kichwa kinaniuma, naye akaketi kwenye cherehani akakanyaga, akakanyaga kwa nguvu ili asisikie, na alijua kwamba anakanyaga ili asisikie, mpaka alipomaliza pindo la sita akasimamisha gurudumu na kulikuwa kimya, akashukuru kwamba kuko kimya, akaenda kuchukua mkaa mpya wa pasi, akafungua.

Mama yake alikuwa chini kando ya jiko, hapumui, amevaa gauni la bluu. Sasa alilikumbuka.

Gauni la kwenye kiti lilianguka likawa kitambaa. Mganga alifungua dirisha, akasema amekwenda, akajifunga mtandio wake akaondoka bila kungoja chai. Fundi alibaki sakafuni akilia kwa sauti ambayo hakujua anayo. Vipimo vyote vilikuwa vimerudi, vya mteja wa kwanza mpaka wa mwisho, vinapita kichwani vyenyewe, na angevitoa vyote kwa furaha.

Binti aliporudi jioni alimkuta amekaa kitandani, ameoga, mikono mapajani.

"Kaa hapa, mwanangu. Nina jambo, na nikilisema sitaki unihurumie."

Alimweleza yote. Alikuwa ameapa kutoficha kitu tena maishani mwake, kwa hiyo hakuficha: mkaa, misumari ya dirisha, cherehani, mganga, jini, neno alilosema mara ya kwanza na neno alilosema leo. Alipofika kwenye mlango alisema, "Nikamfungia."

"Hapana," alisema binti. Uso wake ulikuwa umesawijika. "Hukumfungia wewe. Wewe ulikuwa na nguo mkononi. Uliniambia mimi nizungushe ufunguo."

Fundi alitazama ndani ya mchana wake akamwona, pembeni, mtoto wa miaka saba aliyesimama kwenye vidole ili akifikie kitasa.

"Nilikuambia bibi anagonga," aliendelea binti, taratibu, kama anayesoma. "Ukaniambia mwache, atachoka. Baada ya mazishi nikakuuliza, Mama, ni mimi niliyemuua bibi? Ukanitazama. Hukuwa na hasira, ulinitazama tu kama hujui nasema nini. Ukanichapa kwa ile futi kwa kuzua uongo juu ya marehemu. Nikajua basi ni mimi peke yangu. Kama Mama hajui, ni mimi peke yangu."

"Nisamehe."

"Wewe umelala miaka thelathini na moja," alisema binti. Hakupandisha sauti. "Mimi kila nikisikia mlango unafungwa najikojolea moyoni. Umepumzika kwa zamu yako na yangu."

Hakuna ugonjwa wa kichwa, wala jini, aliyemtia Fundi aibu kuliko maneno yale. Kosa alilomtendea mama yake lilikuwa la mchana mmoja. Hili la mtoto alilifanya kila siku, akicheka, akimwuliza kama alizaliwa sokoni.

Siku ya Ijumaa binti hakwenda kazini. Ilipokaribia saa nane, Fundi akiwa jikoni, alisikia mlango wa stoo ukifungwa, ukafungwa hasa, mpaka kitasa kikalia. Alikimbia kwa magoti yake mabovu, akashika kitasa, kikakataa, akagonga kwa vidole, halafu kwa ngumi, akaita nifungulie mwanangu, nifungulie, na huku akiita alisikia upande wa pili sauti ya chini ya binti yake ikizungumza na mtu, ikijibiwa na sauti nyembamba ya mtoto wa miaka saba, na harufu ya mkaa ikapita chini ya mlango juu ya miguu yake, na mwisho akasikia neno moja, lililosemwa kwa uchovu mkubwa, neno ambalo yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha.

Mlango ulifunguliwa. "Mbona umelia, Mama?" aliuliza binti. Alikuwa akitabasamu.

Usiku ule alilala fofofo. Jumamosi asubuhi alikuja mezani akiimba, mashavu yamejaa, mzuri kuliko siku zote, na Fundi akapata tamaa mbaya ya kumwacha hivyo. Alimwacha anywe chai. Alimwacha amalize mkate. Kisha akakumbuka alichosema mganga juu ya makombo.

"Mwanangu, bibi yako alikufa vipi?"

"Alilala," alisema binti, akijifuta mikono. "Hakuamka."

Fundi alimshika viganja vyote viwili akamsimulia tena, kutoka mwanzo, harakaharaka, akimsihi aseme nirudishie, neno moja tu, sema, mwanangu. Binti alimsikiliza kwa subira. Macho yake yalikuwa safi, hayana kitu nyuma yake.

"Mama, hayo hayakutokea," alisema kwa upole. Akajinasua, akachukua simu, akasimama dirishani.

"Daktari, samahani kukusumbua Jumamosi. Ni kuhusu Mama. Ameanza kusema mambo ambayo hayajawahi kutokea. Ndiyo. Anasema alimuua bibi, na kwamba mimi nilikuwepo." Alisikiliza. "Ndiyo, niko naye hapa hapa. Mimi ni..."

Aliutazama mkono wake, akautazama ukuta, akamgeukia Fundi, na lile tabasamu la kupendeza halikuwa limemtoka. Aliziba simu kwa kiganja.

"Ananiuliza mimi ni nani wako," alinong'ona. "Nimwambie nini?"